Redio ya valvu: EL84 inawaka jekundu, nianzie wapi?

MoshiMjini

Habari za jioni wakuu. Nina redio ya mbao ya Philips ya mwishoni mwa miaka ya 1950, iko hapa Majengo, Moshi. Ina mawimbi ya kati na mafupi, haina FM. Valvu zake ni ECH81, EF89, EBC81, EL84 (ya kutoa sauti), EZ80 (ya kugeuza AC kuwa DC) na jicho la kijani la kuonyesha stesheni, EM80. Aliyenipa anasema ilipowashwa mara ya mwisho iliunguruma sana, sauti ikatoka inakwaruza, kisha bamba la ndani la EL84 likaanza kuwa jekundu, akaizima. Mimi sijaichomeka.

Nimefungua mgongo na chini. Transfoma haina harufu ya kuungua, fyuzi nzima, kamba ya mshale ipo. Chini ya chesisi kuna kapasita nyingi nyeusi za lami, baadhi zimepasuka, na juu kuna kopo la alumini limeandikwa 50+50 µF 350 V. Kitufe cha kuchagua volti kina 110, 127, 220 na 245, sasa hivi kiko 220. Nina multimita ya kidijitali, chuma cha kulehemu cha wati 40, na mchoro wa saketi naweza kuufuata. Naomba kujua nibadilishe nini kwanza, nipime wapi, na spea nazipata wapi kwa huku Kaskazini.

FundiNgarenaro

Salama mkuu. Endelea kutoichomeka mpaka ubadilishe vitu viwili nitakavyotaja.

Kwanza huo wekundu. Anodi ya EL84, yaani lile bamba la ndani, ikiwaka maana yake valvu inapitisha mkondo kupita kiasi, na mara nyingi tatizo haliko kwenye valvu yenyewe. Kati ya anodi ya EBC81 na pini 2 ya EL84, ambayo ndiyo gridi (inayodhibiti mkondo wa valvu), kuna kapasita moja, kwa kawaida 10 nF au 22 nF. Upande mmoja inakaa kwenye volti 80 hadi 120, upande wa pili panatakiwa pawe sifuri. Inapitisha sauti na kuzuia hizo volti. Karatasi ya ndani ikishanyonya unyevu inaanza kuvuja. Mvujo wa mikroampea 5 tu, ukipita kwenye rezista ya gridi ya 680 kΩ, unaweka volti 3.4 chanya mahali ambapo pangekuwa sifuri. Hapo EL84 inafunguka, inachemka, na ikiachwa hivyo inaunguza hata transfoma ya sauti. Ukiweka valvu mpya bila kugusa kapasita, nayo itakwenda njia hiyohiyo. Usipoteze muda kuipima kwa multimita, maana mita inatumia volti chache na mvujo huu unajitokeza kwenye volti mia. Itoe, weka ya filamu 10 nF 630 V.

Pili ni hilo kopo la 50+50, ndilo linaloleta muungurumo. Kemikali yake imekauka, na likipiga shoti linaondoka na EZ80, kisha koili ya volti kubwa ya transfoma, kitu ambacho hutakipata dukani. Kopo liache juu kwa ajili ya sura, lakini nyaya zake zikate zote chini. Watu wengi huunganisha kapasita mpya sambamba na la zamani. Usifanye hivyo, kwa sababu la zamani litaendelea kuvuja. Weka mbili za 47 µF 450 V chini ya chesisi. Ile ya kwanza, inayotoka moja kwa moja kwenye kathodi ya EZ80 (pini 3, inakotokea DC), isizidi 50 µF, ndicho kikomo cha valvu hiyo. Ukiweka 220 µF ukidhani unaondoa muungurumo zaidi, kila ukiwasha kapasita tupu inavuta mkondo mkali mpaka kathodi ya EZ80 inapiga cheche. Angalia pia upande wa hasi: kwenye redio nyingine hasi ya kapasita ya kwanza haikai kwenye chesisi, inapitia rezista ndogo inayotengeneza volti hasi za gridi. Fuata nyaya kama zilivyokuwa.

Baada ya hizo, badilisha za lami zote. Moja moja: toa, weka, hakikisha, ndipo uende kwa inayofuata. Ukizitoa tano kwa pamoja utatafuta njia ya kurudi. Za mika na za kauri ziache, na hasa usiguse zilizo karibu na koili wala usizungushe misumari ya ferite ya makopo ya IF, yaani vile vikopo vya chuma vyenye koili ndani. Mtu akiizungusha kabla redio haijaimba anaongeza tatizo la pili juu ya la kwanza, na ferite ya umri huo inapasuka kirahisi.

Ikiwepo kapasita kati ya waya mbili za umeme wa kuingilia, mbadala wake ni aina ya X2 ya 275 V, si yoyote tu ya 630 V. Inayotoka kwenye umeme kwenda kwenye chesisi iondoe kabisa. Redio itafanya kazi bila hiyo.

Kuwasha mara ya kwanza. Tengeneza ekstensheni yenye holda ya balbu iliyofungwa mfululizo kwenye waya wa laini. Weka balbu ya zamani ya waya, wati 60. LED na enaji seva hazifai hapa, kwa sababu tunachohitaji ni ule waya unaoongeza ukinzani unapopata moto. Toa EZ80 kwenye soketi, washa. Balbu iwake kidogo na kufifia. Ikibaki inawaka kwa nguvu, kuna shoti, zima. Ikififia, pima: pini 4 na 5 za EL84 (filamenti, waya unaopasha valvu moto) ziwe karibu na volti 6.3 za AC (zitakuwa pungufu kidogo kwa sababu ya balbu), na pini 1 na 7 za soketi ya EZ80, kila moja kwa chesisi, ziwe sawa. Zikipishana sana koili ya transfoma ina kasoro. Hapo ndipo urudishe EZ80.

Kabla ya kuingiza mkono ndani, zima, chomoa, halafu gusisha rezista ya 10 kΩ ya wati 5 kutoka chanya ya kapasita kubwa hadi chesisi kwa sekunde tano, kisha uhakikishe kwa mita kuwa ni sifuri. Rezista hiyo ivishe mpira na usiishike kwa vidole vitupu. Bisibisi inatoa cheche na inaumiza kapasita. Unapopima ikiwa imewaka, tumia mkono mmoja, waya mweusi wa mita uufunge kwenye chesisi kwa klipu.

Dada_Lehemu

Niongezee upande wa spea.

Kapasita za filamu usiende mbali. Mafundi TV wa Arusha na Moshi wana bodi za TV za chogo zimerundikana, na sehemu ya umeme mkubwa ya bodi hizo imejaa filamu nzuri za kahawia na nyekundu. Soma maandishi: 103 ni 10 nF, 223 ni 22 nF, 473 ni 47 nF, 104 ni 100 nF. Chukua zilizoandikwa 630 V au zaidi. Hizi hazichakai kama za kemikali, ya miaka 20 bado ni nzima.

Za kemikali ni kinyume chake: usichukue kwenye bodi. Zimepikwa kwa joto miaka mingi, na ile kubwa ya TV ya chogo huwa 100 hadi 220 µF, imeshapita kikomo cha EZ80 alichosema fundi. Za pawasaplai ya kompyuta mara nyingi ni 200 V, kwenye redio yenye volti 270 zitapasuka. Nunua mpya. Zisipopatikana mjini, Kariakoo zipo na zinatumwa kwa basi; anayevuka Namanga anazipata Luthuli Avenue, Nairobi. Kuwa makini na bandia: 47 µF ya 450 V halisi ina unene wa milimita 16 hadi 18. Ukipewa nyembamba kama kidole kidogo imeandikwa 450 V, iache hapohapo kaunta.

Rezista nazo zipime. Za kaboni za zamani hupanda thamani, hazishuki, na zinazopanda zaidi ni kubwa: 220 kΩ, 680 kΩ, 1 MΩ. Inyanyue mguu mmoja, pima, ikizidi kwa asilimia 20 badilisha. Usiruke ile ya gridi ya EL84.

Valvu, usizitupe kwa haraka. Kwenye redio iliyokaa kimya miaka mingi mara nyingi valvu ndiyo mzima, na kapasita ndizo zilizokufa. Ikibidi, EL84 bado inatengenezwa Slovakia na Urusi kwa sababu vikuza sauti vya magitaa vinaitumia. Iliyoandikwa 6BQ5 ni hiyohiyo, na ya Kirusi 6P14P inaingia bila kubadilisha kitu. ECH81 ina ndugu yake 6AJ8, na ya Kirusi 6I1P. EM80 badala yake ni 6E1P. EF89 na EBC81 zinabaki za akiba ya zamani tu, kwa hiyo unapozichomoa shika chini ya kioo, vuta wima, usiyumbishe.

Sakina_Elektroniki

Mimi EZ80 ningeitoa kabisa, nikaweka dayodi mbili za 1N4007 chini ya soketi. Joto linapungua na hutatafuta valvu hiyo tena.

FundiNgarenaro

Sakina, sikubaliani, na sababu ni za hesabu. Koili ikiwa ni 250-0-250, yaani volti 250 kila upande, kilele chake ni volti 354. Dayodi inatoa volti hizo palepale unapowasha, wakati EL84 na wenzake bado baridi na hakuna anayevuta mkondo. Kapasita zote zilizobaki za 350 V zinapigwa juu ya kiwango chao kila siku. EZ80 inapashwa moto taratibu pamoja na nyingine, kwa hiyo umeme mkubwa unapanda wakati mzigo tayari upo. Zaidi ya hapo, dayodi haipotezi volti kama valvu, hivyo hata redio ikishapata moto utabaki na volti kama 20 za ziada, ambazo EL84 haizihitaji.

Ikiwa EZ80 imekufa na mbadala hakuna, sawa, lakini weka dayodi mbili mfululizo kila upande, kwa sababu kila upande unapokea volti zaidi ya 700 za kinyume na umeme wetu una mishtuko. Halafu weka rezista ya 150 Ω wati 10 kabla ya kapasita ya kwanza, na kapasita zote ziwe 450 V.

MoshiMjini

Nashukuru sana. Nimeshabadilisha ya gridi, kopo la 50+50, zote za lami, na ile ya 50 µF ya kathodi ya EL84. Kwa balbu imefifia vizuri, nikaitoa balbu. Redio inaimba! Mawimbi ya kati yanashika vizuri usiku. Lakini bado sijatulia, tazameni vipimo:

Umeme wa ukutani 238 V. Filamenti 6.8 V. EZ80 pini 3: 268 V. EL84 anodi (pini 7) 252 V, pini 9: 238 V. Kathodi (pini 3) mwanzoni 7.4 V, baada ya dakika kumi na tano 9.4 V. Gridi (pini 2) mwanzoni 0, baada ya muda huohuo inapanda hadi +3 V. Rezista ya kathodi ni 150 Ω na inapima 150. Rezista ya gridi imeandikwa 680 kΩ, inapima 1.15 MΩ. Kapasita ya gridi ni mpya, filamu 630 V.

FundiNgarenaro

Umepima vizuri sana, na jibu limo humo humo.

Volti 7.4 kwa ohmu 150 ni mA 49. Hiyo ni sahihi kwa EL84. Volti 9.4 ni karibu mA 63. Toa kama mA 6 za pini 9 (gridi ya pili), inabaki mA 57 kwenye anodi, zidisha kwa volti 242 zilizopo kati ya anodi na kathodi: unapata karibu wati 14. Kikomo cha anodi ya EL84 ni wati 12. Haijawa nyekundu bado, lakini inajichosha.

Sasa hizo volti 3 zinatoka wapi kama kapasita ni mpya? Nyanyua mguu mmoja wa kapasita hiyo, washa, subiri dakika kumi na tano zilezile. Gridi ikibaki sifuri, kapasita inavuja hata kama ni mpya. Ikipanda vilevile, ni valvu yenyewe: ina gesi kidogo ndani au gridi yake imechafuka na inatoa elektroni ikipata moto. Mimi naona ni hili la pili, na rezista yako ndiyo inayolikuza. EL84 yenye rezista ya kathodi inaruhusiwa rezista ya gridi isiyozidi 1 MΩ, nawe uko 1.15. Mikroampea 2.6 za gridi zikipita kwenye 1.15 MΩ zinatoa volti 3. Zikipita kwenye 470 kΩ zinatoa 1.2 tu, na mkondo ukipungua joto linapungua, na mkondo wa gridi nao unapungua zaidi. Weka 470 kΩ. Besi haitapungua kiasi cha kusikika, 10 nF na 470 kΩ bado zinapitisha hadi hezi 34.

Kabla ya hapo safisha soketi kwa spiriti kati ya pini 2 na majirani zake. Vumbi likichanganyika na mafuta ya lehemu linapitisha umeme.

Halafu hamisha kitufe cha volti kiende 245. Una 238 ukutani na kitufe kiko 220, ndiyo maana filamenti ziko 6.8. Kwenye 245 zitashuka hadi karibu 6.1, na umeme mkubwa utashuka kwa uwiano huohuo. Valvu zinapenda hivyo.

Dada_Lehemu

Kwa wengine wanaosoma ambao redio zao zinaishia 220: tafuta transfoma ndogo ya 230 kwa 12 V, ampea 1. Upande wa 230 uunge kwenye umeme, na upande wa 12 uunge mfululizo na waya unaokwenda kwenye redio, ili zile 12 zitoe badala ya kuongeza. Pima kabla ya kuunganisha redio. Ukiona 250 badala ya 226, geuza waya mbili za upande wa 12.

Na tahadhari moja kubwa. Haya yote ni kwa redio yenye transfoma kama hii. Ukifungua redio ukakuta UCH81, UBF89, UCL82 na UY85, hiyo haina transfoma ya kuingilia. Filamenti zimefungwa mfululizo kwa mA 100 na chesisi imeungwa moja kwa moja kwenye waya mmoja wa umeme. Kugusa chesisi ni kugusa laini. Hiyo usiifungue mezani bila transfoma ya kutenganisha ya 230 kwa 230, na vitufe vikikosekana usishike mhimili mtupu.

MoshiMjini

Nimenyanyua kapasita: gridi ilipanda vilevile, kwa hiyo ni valvu. Nimesafisha soketi, nimeweka 470 kΩ na kuhamia 245. Sasa baada ya saa nzima gridi iko +0.7, kathodi 7.3, filamenti 6.1. Sauti safi. EL84 ya akiba nitaagiza taratibu.

Limebaki moja. Mawimbi mafupi: bendi ya chini, mita 49 hadi 31, inashika. Ile ya juu, mita 19 na 16, kimya kabisa, hata mkwaruzo hauko.

UsaRiver_SW

Hapo ni osileta, mkuu, ile saketi inayotetema ili redio ishike stesheni. Ukimya usio na hata mkwaruzo kwenye mwisho wa juu, huku kwingine kukifanya kazi, mara nyingi ni triodi ya ECH81 inayoacha kutetema masafa yakipanda, au swichi ya bendi imechafuka.

Anza na swichi kwa sababu ni bure. Spiriti ya isopropili kwenye brashi ndogo, pitisha kwenye meno ya fedha, zungusha mara ishirini. WD-40 usitumie, inaingia kwenye yale mabamba ya kahawia na kukusanya vumbi.

Kisha pima pini 9 ya ECH81, gridi ya triodi. Kwenye ncha ya waya wa mita lehemu rezista ya 100 kΩ kwanza, la sivyo waya mrefu wa mita utazima osileta na utapata jibu la uongo. Osileta ikifanya kazi utaona volti hasi. Kwenye mawimbi ya kati tarajia kati ya 7 na 10 hasi. Zungusha mshale kutoka mwanzo hadi mwisho wa bendi ya juu ukiangalia mita: ikishuka taratibu ni kawaida, ikianguka ghafla hadi karibu na sifuri, umepata mahali inapokufa. Pima volti za pini 8, anodi ya triodi. Zikiwa chini sana, rezista inayoilisha imepanda. Tafuta ya kΩ 22 hadi 33 na uipime. Zikiwa sawa, jaribu ECH81 nyingine. Valvu hiyo ikichoka huanza kufa juu na kubaki hai chini, ndiyo maana mawimbi ya kati hayajakuonyesha dalili.

Ukiipata, bendi hizo zisikilize mchana. Mita 19 na 16 hufunguka jua likiwa juu, usiku hama uende 41 na 49. Antena iwe waya wa mita 10 hadi 15 nje, mbali na ukuta, na ardhi yake iwe fimbo iliyopigwa kwenye udongo, si bomba la maji la plastiki. Ukisikia mlio wa kukereza kwenye bendi nzima, zima taa za LED, chaja za simu na inveta ya sola moja baada ya nyingine mpaka ukome. Na masika haya, antena ichomoe redio ikiwa imezimwa. Radi ikipiga jirani inaingia moja kwa moja kwenye koili za antena, na hizo koili huku hakuna anayeuza.